Kaunsili Ikisema Ulidanganya Kwenye Fomu ya Nyumba: La Kufanya, Hatua kwa Hatua

Barua yenyewe huwa fupi. Inasema ombi lako la nyumba linachunguzwa, inakuita ofisini tarehe fulani, na inakutaka uje na pasipoti, taarifa za benki na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Umekosa nini, haisemi. Wengi wetu tukiipata, cha kwanza tunampigia simu yule jamaa aliyetujazia fomu miaka ile. Cha pili tunaanza kupanga maneno ya kwenda kusema. Hilo la pili ndilo linalotuponza. Nimewatafsiria wapangaji kadhaa katika vikao vya namna hii, na zaidi ya mara moja nimeona jibu la siku ile likimuumiza mtu kuliko fomu yenyewe.

Yafuatayo ni kwa anayeishi England, awe amepangishwa na kaunsili au na shirika la nyumba. Wales na Scotland zina sheria zao. Wala hayachukui nafasi ya wakili; kazi yake ni kukufikisha kwa wakili ukiwa umetulia na karatasi zako mkononi.

Hatua ya 1: Fahamu wanachotakiwa kuthibitisha

Ukipangishwa na kaunsili na mwaka wa majaribio umekwisha, hawawezi kukutoa mpaka jaji aamue. Sababu wanayoitumia kwa uongo wa kwenye ombi ni namba 5 katika Jedwali la 2 la Sheria ya Nyumba ya 1985. Kwa mpangaji wa shirika la nyumba ni namba 17 katika Jedwali la 2 la Sheria ya Nyumba ya 1988. Maneno ya sababu hizi mbili yanakaribiana sana, na mzigo wa kuthibitisha ni wa mwenye nyumba, si wako.

Lazima aonyeshe kwamba kulikuwa na maelezo ya uongo. Lazima aonyeshe kwamba aliyeyatoa alijua ni uongo, au hakujali kama ni kweli au si kweli. Lazima aonyeshe kwamba uliyatoa wewe, au mtu uliyemtuma. Na lazima aonyeshe kwamba uongo huo ndio uliomshawishi akupe nyumba. Hata akivishinda vyote hivyo, bado jaji atajiuliza: je, ni haki na busara kumtoa mtu huyu? Sababu hizi si za lazima. Jaji ana hiari.

Neno la kuchunga hapo ni "hakujali". Watu husema, "Mimi sikuandika, aliandika fulani, mimi nilitia sahihi tu." Wanadhani wamejiokoa. Kutia sahihi chini ya tamko la kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli, bila kusoma wala kusomewa, ndiko hasa kunakoweza kuitwa kutojali. Lakini kama ulimweleza huyo jamaa ukweli, naye akaandika kingine kwa kutoelewa au kwa kujifanya mjanja, na wewe ukasomewa kile ulichosema, hayo ni mambo mengine kabisa. Tofauti kati ya hali hizi mbili inaweza kuwa ndiyo kesi nzima, kwa hiyo anza kukumbuka: mlikaa wapi, lugha gani mliongea, nani mwingine alikuwepo, fomu ulisomewa au hukusomewa.

Angalia pia jina lililo kwenye mkataba. Sababu hizi humshika aliyepewa upangaji. Mwaka 2006, katika kesi ya kaunsili ya Islington, Mahakama ya Rufaa ilikataa kumtoa mke aliyekuwa amehamishiwa upangaji kihalali na mumewe, kwa kuwa yeye siye aliyepewa nyumba hapo mwanzo. Kama nyumba ilikufikia kwa kuhamishiwa au kwa kurithi, mwambie wakili jambo hilo kabla ya jingine lolote.

Hatua ya 2: Omba faili lako

Usijibu tuhuma kwa kumbukumbu. Fomu uliyojaza mwaka 2014 huikumbuki, hata kama unadhani unaikumbuka. Sheria ya ulinzi wa data inakupa haki ya kupata nakala ya taarifa zako bila malipo, na kwa kawaida wana mwezi mmoja wa kukujibu. Andika barua pepe fupi kwa kaunsili au shirika: taja jina lako kamili, tarehe ya kuzaliwa, anwani, na useme unaomba nakala ya ombi lako lote la nyumba, viambatanisho, maandishi ya maofisa, barua mlizoandikiana, na rekodi za simu. Wanaweza kuzuia baadhi kwa sababu ya uchunguzi, ila hata watakachokupa kina faida.

Wakati huohuo kusanya vyako. Mikataba ya zamani ya kupanga, barua za shule za watoto, kadi za kliniki, stakabadhi za kodi ya kaunsili, tiketi za ndege. Usitupe kitu hata kama kinakuumbua. Na usimwombe mtu akuandikie barua ya kusema uliishi kwake kama hukuishi kwake. Kwa barua hiyo utakuwa umefanya kosa jipya, na safari hii huna wa kumsingizia.

Hatua ya 3: Pima fomu na maisha yako, swali kwa swali

Hapa tukae kidogo. Nina hakika kwamba sehemu kubwa ya matatizo yetu huzaliwa pale maswali ya Kiingereza yanapokutana na familia zetu.

Watoto. Kwetu mtoto wa dada yangu ni mtoto wangu, na ukiniuliza nina watoto wangapi nitamhesabu. Fomu haiulizi unampenda nani kama mwanao. Inauliza nani anaishi nawe na ana uhusiano gani nawe. Mtoto wa ndugu unayemlea kweli ndani ya nyumba anaweza kuhesabika kwenye kaya, lakini aandikwe alivyo: mtoto wa dada, ninamlea tangu tarehe fulani. Ukimwandika kama wa kumzaa, ofisa akiona cheti cha kuzaliwa chenye jina la mama mwingine, hataanza kufikiria mila. Atafikiria chumba cha ziada. Na mtoto aliye Mombasa au Bujumbura akisubiri viza, hata kama karatasi zake zinakaribia kutoka, haishi nawe leo.

Nyumba ya nyumbani. Swali la kama unamiliki mali mara nyingi huongeza maneno "hapa au nje ya nchi". Kiwanja chenye banda la vyumba viwili ulichojengea wazazi ni mali. Shamba la urithi ambalo ndugu hawajagawana nalo litajwe, pamoja na maelezo kwamba halijagawanywa na huna hati. Watu hulificha kwa kuogopa kunyimwa nyumba, wakati huenda lingeelezwa lisingebadilisha kitu. Uongo usio na maana yoyote kwenye uamuzi ni vigumu kusema ndio uliowashawishi kukupa nyumba; ila ukilificha shamba, umewapa swali la kujiuliza.

Mume au mke. Ndoa ya nikaha isiyosajiliwa hapa, au ya kimila, huwafanya watu waandike "sijaoa" na "sijaolewa". Kisheria pengine wako sawa. Lakini swali linalofuata huwa ni nani mnayeishi naye kama wenza, na hapo nikaha isiyo na cheti haikusaidii.

Anwani. Kaunsili nyingi zinataka uwe umeishi katika eneo lao miaka kadhaa. Tangu Sheria ya 2011 inayoitwa Localism zina uhuru mkubwa wa kuweka masharti hayo. Ndipo unapokuta mtu aliyelala sofani kwa marafiki watano katika mitaa minne ameandika anwani moja, ya binamu, kwa sababu barua zake zilikuwa zikifika hapo. Pa kupokelea barua si lazima pawe pa kulala. Kama hilo ndilo ulilofanya, andika orodha ya kweli ya mahali ulipolala na miezi yake. Orodha hiyo ya vurugu inaweza kuonyesha kwamba shida yako ya nyumba ilikuwa ya kweli, hata kama anwani haikuwa sahihi.

Na tarehe. Aliyezaliwa bila cheti akaandikiwa 1 Januari, au ana majina mawili kwa mpangilio tofauti kwenye pasipoti na kwenye barua ya ukimbizi, asiingie na hofu. Hilo si udanganyifu. Peleka hati zote mbili, eleza zimetoka wapi.

Ukimaliza, kila swali utaliweka kwenye moja ya mafungu matatu: lilikuwa kweli, lilikosewa, lilikuwa uongo. Usimwonyeshe karatasi hii mtu yeyote isipokuwa wakili wako. Kwake usifiche, mazungumzo yenu yana ulinzi wa siri.

Hatua ya 4: Mahojiano ya onyo

Barua ikisema utahojiwa chini ya onyo, maana yake wanachunguza kosa la jinai. Mwanzoni utasomewa kwamba si lazima useme lolote, lakini inaweza kudhuru utetezi wako kama hutataja sasa jambo ambalo baadaye utalitegemea mahakamani, na kwamba utakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi. Kitarekodiwa. Ofisa wa kaunsili si polisi. Mkutano ni wa hiari na unaweza kuondoka. Unaweza kuja na wakili. Omba waahirishe ili upate mmoja, ombi hilo ni la kawaida. Omba na mkalimani wa Kiswahili mapema, kwa maandishi, hata kama Kiingereza chako cha dukani kinakutosha. Usije na mwanao kukutafsiria.

Usiingie ukidhani hawajui. Kabla ya kukuita, huenda wamekwisha kuangalia sajili ya ardhi. Kila baada ya miaka miwili kuna zoezi la kitaifa la kulinganisha data za wapangaji, za mishahara ya sekta ya umma na za marupurupu. Tena, kanuni za mwaka 2014 zimewapa maofisa walioidhinishwa uwezo wa kudai taarifa kutoka benki, kampuni za simu na za umeme katika uchunguzi wa ulaghai wa nyumba. Swali wanalokuuliza kwa upole mara nyingi jibu lake liko kwenye faili mbele yao.

Uzito wa jinai uko hivi. Kusema uongo au kuficha taarifa kwenye ombi la kugawiwa nyumba ni kosa chini ya kifungu cha 171 cha Sheria ya Nyumba ya 1996, na adhabu yake ni faini. Kwa waombaji wasio na makazi kifungu ni cha 214. Wakienda kwa Sheria ya Ulaghai ya 2006, kifungo kinaweza kufika miaka 10. Na kwa asiye raia wa Uingereza kuna la ziada ambalo wakili wa nyumba anaweza kusahau kulitaja: hukumu ya jinai huweza kuharibu ombi la ukaazi au uraia, na kifungo cha miezi 12 au zaidi kinafungua mlango wa kufukuzwa nchini. Kwa hiyo usikubali kosa "ili yaishe" kabla mtu wa uhamiaji hajaangalia hali yako.

Hatua ya 5: Notisi ikifika

Kabla ya kwenda mahakamani wanatakiwa kukupa notisi inayotaja sababu na kueleza tuhuma. Kwa mpangaji wa kaunsili kwa kawaida muda ni wiki nne, na notisi huisha nguvu baada ya miezi 12. Kwa wa shirika la nyumba, kwa sababu namba 17, ni wiki mbili. Muda huo ukiisha haimaanishi uhame. Maana yake wanaruhusiwa kufungua kesi.

Aliye ndani ya mwaka wa majaribio wa kaunsili ana ulinzi mdogo zaidi, kwani hawahitaji kuthibitisha sababu yoyote kati ya hizi. Ila ana haki ya kuomba uamuzi upitiwe upya ndani ya siku 14 tangu apewe notisi. Siku 14 zikipita, haki hiyo imekwenda.

Siku unayopokea notisi ndiyo siku ya kupiga simu. Tangu Agosti 2023 kuna huduma ya serikali ya ushauri kwa walio katika hatari ya kupoteza makazi: ukishapata karatasi inayosema nyumba inatakiwa, unapata ushauri wa wakili bure, haijalishi kipato chako. Huduma hiyohiyo ina wakili mahakamani siku ya kesi. Mashirika ya ushauri ya Shelter na Citizens Advice yatakuelekeza anayeitoa katika eneo lako. Uwakilishi kamili wa kesi ni jambo jingine, huo hupimwa kwa kipato, na wakili atakufanyia hesabu.

Watu wengi hapa huuliza: je, nirudishe tu funguo? Maofisa wenyewe wakati mwingine huleta fomu ya kurudisha nyumba, kwa sauti ya kirafiki. Usitie sahihi siku hiyo. Ukirudisha kwa hiari umemaliza utetezi wako wote, na ukienda kuomba msaada kama usiye na makazi utaulizwa kwa nini uliacha nyumba uliyokuwa nayo. Yapo mapatano ya kurudisha nyumba ambayo yana maana, mfano kwa aliyedanganya wazi na anataka kuepuka kushtakiwa, lakini huyo apatane kupitia wakili na kwa maandishi.

Endelea kulipa kodi ya nyumba. Wakikataa kuipokea, iweke pembeni, usiile.

Hatua ya 6: Mahakamani

Karatasi za Mahakama ya Kaunti zitakuja na tarehe ya kusikilizwa, na zinatakiwa zikufikie angalau siku 21 kabla. Ndani yake kuna fomu N11R ya utetezi, ya kurudishwa ndani ya siku 14. Ukichelewa bado utaruhusiwa kujitetea, ila gharama zinaweza kukuangukia. Jaza na wakili. Kila sentensi uikubali au uikane kwa mambo yaleyale manne ya Hatua ya 1: lilikuwa uongo? nilijua? nilimtuma? ndilo lililowashawishi? Fomu ina tamko la ukweli chini. Lisome.

Kikao cha kwanza mara nyingi ni cha dakika tano au kumi, katika orodha ya kesi nyingi za asubuhi moja. Ukiwa na utetezi wa kweli, jaji hatauamua hapo. Atapanga siku ya kusikiliza ushahidi. Asiyefika ndiye anayeweza kutolewa amri siku hiyohiyo.

Kwenye swali la haki na busara, ujue upepo unavuma upande gani. Machi 2024 zaidi ya kaya milioni 1.3 zilikuwa kwenye orodha za kungoja nyumba England, na majaji wanaijua foleni hiyo. Tangu kesi ya kaunsili ya Shrewsbury mwaka 1997 Mahakama ya Rufaa imesisitiza kwamba walioomba kwa uaminifu wasipitwe na waliodanganya. Uongo wa makusudi wa kuruka foleni hausamehewi kirahisi. Kinachosaidia ni ushahidi, kwa hiyo uje nao: barua ya daktari inayoeleza nini kitampata mgonjwa akihamishwa, maelezo ya shule kuhusu mtoto mwenye mahitaji maalumu, miaka uliyokaa bila deni wala ugomvi na majirani, na uthibitisho kwamba hata kwa ukweli ungestahili nyumba. Kuna kesi ambapo aliyekiri mapema alisikilizwa tofauti na aliyebishana hadi alipobanwa na hati. Jaji anaweza pia kutoa amri na kuisimamisha kwa masharti. Kwa udanganyifu wa makusudi ni nadra, ila wakili aliombe.

Kama bado uko kwenye orodha

Mstari mmoja kwa ambaye hajapewa nyumba na sasa amegundua kosa kwenye fomu: lirekebishe kwa maandishi kabla ya ofa, utunze nakala. Nyumba ikitolewa baada ya wao kujua ukweli, huo uongo wa zamani haukuwashawishi. Aliyekwisha kupewa nyumba, yeye aone wakili kwanza.

Hatua ya 7: Amri ikitoka

Dalali wa mahakama hawezi kuja kesho yake. Lazima kaunsili iombe hati ya mahakama ya kukutoa, na utapewa notisi ya siku 14 yenye tarehe na saa. Kabla ya siku hiyo bado unaweza kuomba isimamishwe kwa fomu N244, na kama jaji alikosea kisheria, rufaa ina muda mfupi wa siku 21.

Usingoje madalali ndipo uombe msaada wa makazi. Aliye katika hatari ya kukosa makazi ndani ya siku 56 anastahili hali yake ipimwe na kaunsili na aandaliwe mpango. Kaunsili ikisema ulijitakia mwenyewe kukosa makazi kwa sababu ya uongo wako, hilo ni uamuzi, na uamuzi huo unaweza kuomba upitiwe upya ndani ya siku 21. Mwenye watoto, hata akipatikana amejitakia, bado anastahili malazi ya muda wa kutosha kujitafutia pa kwenda, na ofisi ya watoto ina wajibu wake chini ya kifungu cha 17 cha Sheria ya Watoto ya 1989. Omba kwa maandishi. Wakikupa jibu la mdomo tu, waombe waliandike.

Kurudi kwenye orodha kunategemea sera ya kila kaunsili. Nyingine humfungia mtu kwa miaka. Sera hiyo ni hati ya umma, iombe uisome kabla ya kujaza. Na fomu mpya ikiuliza kama umewahi kutolewa kwenye nyumba, jibu ni ndiyo, na nakala ya amri iende pamoja nayo.